Duara la Mama Siwema

Asubuhi ile ukuta wa stesheni ulikuwa unacheka, na katika Morogoro nzima ni binti mmoja tu, Zamoyoni Mkude, aliyejua unacheka nini.

Vigae elfu tisa vya mwanga vilianzia geti la abiria vikaishia karibu na tangi la maji, na juu yake maduara ya rangi ya bizari yalikuwa yakizaliwa, yakipanuka, yakisukumana kama watoto kwenye foleni ya uji. Hakuna hata moja lililokuwa duara la kweli. Kila moja lilichomoza pembe upande wa kushoto, pembe nene, yenye bashasha, na pembe hiyo ilipofika ukingoni ilijikunja ikarudi ndani. Wachukuzi waliweka mizigo chini wakacheza. Mwalimu mmoja aliyekuwa akiwapeleka wanafunzi Kilosa kwa treni ya saa mbili alisahau cheo chake, akakata kiuno hatua tatu, kisha akakumbuka, akakohoa.

Zamoyoni alisimama na kikombe chake cha chai akausoma ukuta kama wengine wanavyosoma gazeti. Pembe ya kushoto maana yake kicheko. Ikiwa nene namna ile, basi ni kicheko cha kusengenya. Leo kuna mtu kasemwa huko kibandani, na kasemwa vizuri!

Nyinyi mliozikuta kuta hai zimeshatulia hamjui tulikotoka. Miaka ya mwanzo zilichorwa na mtambo ulioitwa Dira, na Dira ilikuwa haikosei. Duara lake lilikuwa duara hasa, likipumua, likikua, likizaa jingine sawasawa na lenyewe. Lo, watu waliganda! Sahani nayo ni duara na haimgandishi mtu, kwa kuwa sahani haipumui. Lakini duara kamili linapokua mbele yako, jicho hulifuata likitafuta pa kusahihisha, halipaoni, linasubiri, na mwenye jicho anasubiri nalo. Treni ilimwacha bwana harusi amesimama jukwaani na suti yake. Mama mmoja aliganda na kikapu cha nyanya kichwani tangu saa tatu hadi mvua ilipomnyeshea. Tulicheka, hatukatai. Kisha dereva wa mkokoteni wa mafuta akaganda akiwa mwendoni, akamvunja mzee mmoja mguu, na kicheko kikaisha. Mji ukakata kauli kwamba hakuna ukuta hai bila mvunja maumbo.

Mvunja maumbo wa stesheni alikuwa Zamoyoni. Mwanzoni alivunja kwa vurugu za namba, zile ambazo mtambo hutema bila mpangilio. Wiki mbili tu macho ya watu yakazizoea, wakaanza kuganda tena. Alihangaika mwaka mzima mpaka akaelewa. Kombo ya mashine haitaki kitu, ndiyo maana inachosha upesi. Alichohitaji ni kombo ya mtu anayetaka kunyoosha, anayejitahidi kwa roho yote, na bado mambo yanampinda.

Na kombo hiyo alikuwa akiila kila siku kwa chai.

*

"Shikamoo, Mama Siwema."

"Marahaba, mwanangu! Kaa. Umechelewa, uhondo wote umekupita." Mama Siwema alikuwa mama wa miaka hamsini na ushee, mnene wa mabega, na mdomo wake na mti wake wa kusukumia chapati vilikwenda pamoja tangu alfajiri hadi saa sita. Kibanda chake kiliupa ukuta mgongo. "Nilikuwa nawasimulia wenzako wifi yangu alivyokwama dirishani. Dirisha lake mwenyewe! Ufunguo kapoteza, mlango hautaki kuvunjwa, basi akaona apite dirishani na makalio yale..."

Akacheka, na mkono wake wa kushoto ukapanda, na unga uliokuwa kwenye kibao ukatoka pembe. Juu yake, kwenye nguzo, kijisanduku cha bati kikatazama kimya. Zamoyoni ndiye aliyekigongomelea pale miezi saba iliyopita, akamwambia ni kipima moshi. Hakikuwa kipima moshi. Kilikuwa jicho, na jicho hilo lilifuata kingo za kila chapati tangu inaposukumwa mpaka inapotoka mezani, likazipeleka ukutani wakati uleule. Miezi saba, na pale stesheni hakuganda hata mtu mmoja.

Mama Siwema akatupa chapati kwenye chuma, akaifuta mikono kwa kanga, kisha akafanya jambo asilolifanya siku za kazi. Akakaa.

"Siwema wangu kaposwa."

"Ee! Hongera, mama!"

"Ahsante. Jumamosi wakwe wanakuja kutoka Kilwa kututambua. Mama mkwe mwenyewe anakuja, Bi Mwanakheri, na nimepenyezewa kwamba ni mpishi wa kuitwa kwenye harusi za watu. Mimi nina nini cha kumwekea? Nina hizi." Akainua chapati moja iliyokuwa imeshaiva. Ilikuwa na shingo, na kitu kama bega. "Miaka ishirini na tisa nachekwa, Zamoyoni. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, kila nikimwekea sahani alikuwa ananiuliza, leo tumefika wapi, Kongo au Sudani? Nacheka naye, lakini naumia. Chapati tamu, kila mtu anasema tamu, halafu anatazama sahani anabana mdomo."

"Lakini watu wanazipenda..."

"Nisikilize kwanza. Ule ukuta wako nauona kila nikienda kuteka maji. Unapinda kwa adabu, unapendeza mpaka nasimama. Zangu zinapinda kama zimegombana. Sasa wewe si fundi wa maduara? Nifundishe. Nataka chapati kumi tu za mviringo, nimtazame yule mama machoni. Zikishaliwa nirudi kwenye ramani zangu, sitakudai kitu kingine."

Zamoyoni aliweka kikombe chini. Akasema atamfundisha. Angesema nini kingine?

*

"Mfundishe kombo," alisema Bwana Mgaya.

Bwana Mgaya alikuwa mkuu wa kuta hai zote za mji, mtu mwembamba asiyekaa kitini, na Zamoyoni alimweleza yote huku bwana huyo amesimama dirishani anatazama reli.

"Nimdanganye?"

"Umeshamdanganya miezi saba. Ongeza siku nne."

"Basi nimwambie ukweli, aamue mwenyewe."

"Hapo ndipo utakapoua kila kitu. Zamoyoni, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha jambo hili. Kombo inafanya kazi kwa sababu anataka duara. Mwambie leo, kesho atajiangalia mikono. Atazipinda makusudi ili apendeze ukutani, na kombo ya makusudi ni maigizo. Macho yataizoea kwa siku tatu." Akagonga kioo kwa kidole. "Yule pale."

Chini, yule mzee aliyevunjwa mguu alikuwa anavuka reli na fimbo yake, polepole, akiwapisha watu. Zamoyoni alimjua. Kila mtu alimjua.

"Aibu ya mama mmoja kwenye sahani," Bwana Mgaya akasema, na alisema bila ubaya, "na miguu ya watu wote hawa. Pima."

Zamoyoni alipima, na kila alipopima mizani ilimkataa.

*

Jumatano alifundisha kombo. Ndiyo, alifanya hivyo, tusimpake mafuta. Alimwambia Mama Siwema aanzie pembeni asukume kuelekea katikati, jambo ambalo hata mtoto anajua ni kinyume. Zikatoka chapati za ajabu, moja ina mkia. Mama Siwema alizitazama, akatikisa kichwa.

"Mikono yangu mizito, mwanangu. Si kosa lako." Akamfungia mbili kwenye karatasi za kwenda nazo nyumbani, za moto, zenye mafuta ya kutosha.

Zamoyoni hakuweza kuzila. Alizikalia jioni nzima zikapoa, akazitazama, akaona haya mpaka masikio yakamwaka.

Alhamisi alirudi na moyo mwingine. Miguu ya watu aliikumbuka, lakini alijiambia atatafuta njia nyingine hata kama itamchukua mwaka mwingine. "Jana nilikufundisha vibaya," akasema. "Tuanze upya. Anza katikati, sukuma kwenda nje, kisha geuza robo. Sukuma, geuza robo."

"Nionyeshe."

Akajaribu kumwonyesha. Jamani! Fundi wa maduara wa mji mzima alisukuma kitu kama soli ya kiatu, na katikati kikatoboka. Mama Siwema alicheka akashika nguzo, akacheka akakaa, akainuka akacheka tena. "Haya, haya, nimeelewa kwa maneno. Mikono yako iache."

Akasukuma, akageuza robo. Akasukuma. Ukingo ukaanza kunyooka.

"Vizuri! Sasa usiongee."

"Nisiongee?"

"Ukicheka mkono wako wa kushoto unapanda. Ukimlaumu mtu wa ukweni unakandamiza upande wa kulia, inatoka shingo. Ukisimulia habari za marehemu, Mungu amrehemu, unapunguza nguvu, inakuwa nene katikati."

Mti wa kusukumia ukasimama.

"Umejuaje?" Mama Siwema akauliza. "Mimi mwenyewe sijui mambo hayo. Hukai hapa zaidi ya kikombe kimoja cha chai. Umejuaje?"

Basi hapakuwa na pa kujificha. Zamoyoni alipiga moyo konde akasema yote, toka kijisanduku cha bati mpaka vigae elfu tisa, na hakujitetea. Alipomaliza, Mama Siwema aliufuta mti wa kusukumia kwa kanga, toka ncha hadi ncha.

"Lile la juzi," akasema hatimaye, "lenye pembe la watu kucheza. Ni wifi yangu dirishani?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo miezi saba nausifu ukuta, kumbe najisifu mwenyewe, na wewe umekaa hapo unakula unaniangalia."

"Ndiyo, mama."

Akapanda juu ya kigoda. Aling'oa kijisanduku kwa mikono yake iliyojaa unga, misumari ikalia, akamwekea Zamoyoni mkononi. "Nilikuwa nachekwa na watu wa kibandani, sasa umeniweka nichekwe na mji. Chukua jicho lako. Ungeniomba, ningekupa. Sikuombwa."

*

Ijumaa Zamoyoni aliuzima ukuta. Bwana Mgaya alikuja juu, akamwamuru arudishe vurugu za namba, Zamoyoni akakataa kata kata. Akapewa mpaka Jumamosi saa sita mchana, baada ya hapo namba zitarudi na yeye kazi hana. Stesheni ikanuna. Wachukuzi walibeba mizigo kama wamefiwa, na watu waliokuwa hawajawahi kuutazama ukuta wakaanza kuulizana umekufa kwa nini.

Jumamosi saa nne asubuhi Siwema mwenyewe, mwali, alibisha hodi ofisini akiwa amepakwa hina.

"Dada Zamoyoni, mama anakuita. Kasema uje na jicho."

Alikwenda mbio mpaka kiatu kikamvuka. Kibanda kilikuwa kitupu. Meza, chuma, jiko na kibao vilikuwa vimetolewa nje, katikati ya uwanja wa stesheni, na Mama Siwema alisimama nyuma ya meza na kanga mpya, ukuta uliokufa ukiwa mgongoni kwake. Mbele yake kwenye kiti cha heshima aliketi mama mrefu mwenye miwani na baibui safi. Huyo ndiye Bi Mwanakheri, na ndugu zake wa Kilwa walikuwa wamejipanga kushoto na kulia.

"Tangu jana nimeulizwa na watu arobaini ukuta una nini," Mama Siwema akamnong'oneza, bado hajatabasamu. "Mzee wa fimbo amekunywa chai yangu bila kusema neno. Siwezi kupokea wakwe kwenye uwanja wa matanga. Jicho liweke hapa mezani, kila mtu alione. Na ukutani andika jina langu, kubwa, lisomeke toka kwenye treni."

"Nitaandika, mama. Na nisamehe."

"Nitakusamehe nikishamaliza kukusema. Washa."

"Lakini mama," Zamoyoni akasita, kwa kuwa maneno ya Bwana Mgaya yalikuwa bado yanamtafuna, "ukijua kuwa unaangaliwa, utaweza kutaka duara kweli? Hutacheza tu?"

Mama Siwema alimtazama kana kwamba kauliza kama maji yana unyevu. "Mama mkwe wa mwanangu amekaa pale na miwani. Unadhani mimi hapa nitafanya mchezo?"

Zamoyoni akaweka jicho, akaandika jina, akawasha. Vigae elfu tisa vikangoja. Bwana Mgaya alikuwa amefika, anatazama saa.

Mama Siwema akachukua donge la kwanza. Hakusema neno. Hofu ilikuwa imemfunga mdomo, naye alikumbuka kila alichofundishwa: katikati kwenda nje, geuza robo, katikati kwenda nje. Mkono wa kushoto haukupanda. Hakuna mtu aliyemsema, hakuna marehemu aliyemkumbuka. Akasukuma, akageuza, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na tisa unga ukatulia kwenye kibao ukiwa mviringo mtupu.

Ukutani likazuka duara. Likapumua. Likakua, jeupe, zuri ajabu, na Zamoyoni aliyekuwa amelitazama akaona hakuna pa kusahihisha popote, na utamu ukamjaa kichwani, na wazo lake la mwisho lilikuwa kwamba angepaswa kuzima. Hakuzima.

Yaliyofuata alisimuliwa baadaye na Mama Siwema, aliyetia chumvi yake. Mama alikuwa ameupa ukuta mgongo na macho yake yako kwenye chuma, hakuona kitu. Alisikia uwanja umenyamaza akadhani ni heshima. Akaipindua chapati, akaipaka mafuta, akaipindua tena. Ikavimba vizuri, ikaiva na madoa yake. Akaiweka kwenye sahani palepale chini ya jicho, akaisogeza.

"Karibu, mkwe."

Bi Mwanakheri hakunyoosha mkono. Alikuwa ameinua uso, kikombe kimefika nusu ya njia, chai inamdondokea kwenye baibui. Ndugu zake vilevile. Mwanawe Siwema vilevile, na Bwana Mgaya na saa yake, na mzee wa fimbo ameinua mguu wake mbovu hajauteremsha. Treni ya saa tano ilikuwa inapiga honi kwa mbali.

Mama Siwema hakugeuka kutazama nyuma. Alielewa. Akaitazama chapati yake, duara lake la pekee, ambalo alikuwa amelililia maisha yake yote, na alikiri mwenyewe kwamba alitamani aliangalie kidogo tu zaidi.

"Toba! Nani aliwaambia chapati ni ya kutazamwa?" akasema, akaimega.

Ukutani duara likachanika toka ukingoni hadi katikati, mwanga ukamwagika njia ile. Uwanja mzima ukavuta pumzi kwa mpigo mmoja. Mguu wa mzee ukashuka chini salama. Zamoyoni alizinduka machozi yakimtoka, hajui ya nini, akaona Mama Siwema anamtia Bi Mwanakheri kipande mkononi, cha moto, akimwambia, "Kula, mkwe, kabla haijapoa."

Bi Mwanakheri alikula. Akatafuna bila haraka, akavua miwani, akafuta chai kwenye baibui. "Nimepika harusi mia," akasema, "na hakuna mtu aliyewahi kunisahaulisha kunywa chai. Lakini mkwe, hii ina nini? Mbona ulipika umenuna? Nimeambiwa wewe ni mtu wa maneno."

"Mimi?" Mama Siwema akacheka, na kufuli la mdomo likaanguka. "Aliyenifunga mdomo ni huyu hapa! Ngoja nikwambie. Huyu binti unamwona kasimama kwa adabu, miezi saba amekaa kibandani kwangu, na alinigongomelea kisanduku akaniambia eti ni kipima moshi..."

Na alipokuwa akisema alikuwa tayari ameshachukua donge la pili, anasukuma, anageuza robo kwa bidii yake yote maana mkwe anatazama, huku mkono wa kushoto unapanda na yeye hana habari. Bwana Mgaya akarudisha saa mfukoni, akaanza kupiga makofi bila kujua anapiga. Wachukuzi wakaweka mizigo chini.

Zamoyoni akainua macho. Chini ya jina la Mama Siwema lilikuwa linakua duara lenye pembe kubwa kuliko zote alizowahi kuona, na uwanja mzima ulikuwa unalicheza. Alijua kusoma ukuta ule, na hakuhitaji kuuliza anayesemwa ni nani. Akajifunga kanga kiunoni, akaingia akacheza.